TAHADHARI: Kiboksi cha TV kinauzwa kama "kompyuta ndogo ya Linux 4GB", msitume hela

Wakuu habari za saa hizi. Naandika nikiwa na uchungu maana nimepigwa, na najua wengi mnatafuta kikompyuta cha bei poa cha kuwekea Linux, ule mfumo endeshi wa bure.

Dada yangu anafundisha shule ya msingi huko Korogwe, mtandao wa kule ni wa kubahatisha, nikamwahidi nitamtengenezea seva ndogo yenye Kiwix na Kolibri ili watoto wasome Wikipedia na masomo bila bando. Kile kikompyuta cha Raspberry Pi 4 cha 4GB bei ikanishinda, ndo nikakutana na tangazo la jamaa anauza "mini PC ya Linux, RAM 4GB, storage 64GB" kwa 120,000. Nikamuuliza mara mbili, Armbian (Linux ya vikompyuta vidogo kama hivi) inaingia? Akajibu "inaingia bila shida boss, wateja wangu wote wanatumia". Nikatuma hela, bodaboda akaniletea mzigo Mbagala jioni ile ile, kufungua ni kiboksi cha Android cha TV. Nikasema sawa tu, cha msingi uwezo uwe ule ule, nikaingia settings nikakuta kweli 4GB na 64GB, nikatulia.

Mtego uko hapo hapo. Zile namba za settings zinatoka kwenye programu iliyopikwa na hao hao waliotengeneza kiboksi, wanaandika wanachotaka. Nikaanza kukopi mafaili ya Kiwix, la Wikipedia ya Kiswahili likafunguka vizuri kabisa, yaliyofuata yakaonekana yameingia yote ila ukifungua yamekufa. Nikaweka Armbian ya biti 64 kwenye memori kadi, TV ikabaki nyeusi. Kadi nyingine, nyeusi vile vile. Nikabandua mfuniko kwa kisu, kile kibati cha kupoozea kilikuwa kimegandishwa juu ya chipu na gundi nyeupe ngumu, nikakipuliza moto na draya ya nywele ya mke wangu mpaka kikaachia, chini yake pameandikwa RK3229. Tangazo lilisema RK3328! RK3328 ni ya biti 64, hii RK3229 ni Cortex-A7 ya biti 32, kwahiyo ile Armbian isingewaka hata ningekesha nayo. Nikatafuta ya biti 32, ikawaka, nikapiga amri ya free -h inayoonyesha RAM ikaleta 982Mi, lsblk inayoonyesha storage ikaleta 7.3G. Yaani ni 1GB na 8GB wakuu. Kumpigia muuzaji ananiambia "hiyo Linux yako ndo haisomi vizuri", nikamtumia picha ya chipu, akanibloki.

Halafu kuna suala la usalama na hili naomba mlichukulie kwa uzito. Baadhi ya hivi viboksi visivyo na jina vinatoka na kirusi tayari kipo ndani, mwaka 2023 iligundulika kwenye kiboksi kinachoitwa T95, na Juni 2025 FBI ya Marekani walitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vyenye kirusi, viboksi vya TV vikiwemo, wahalifu wanapitisha mambo yao kwenye intaneti ya nyumbani kwako na wewe hujui lolote. Cha kwangu nimefuta Android yote, na shuleni kwa watoto hakiendi.

Mtu akikuuzia kiboksi kama hiki mwambie akiwashe kwa Linux ya kwenye memori kadi, apige free -h, lsblk na uname -m mbele ya macho yako ndo utoe hela, hiyo uname -m ikileta armv7l ujue Linux iliyowaka ni ya biti 32. Akianza kusema ana haraka, ondoka. Kama ni Raspberry Pi 4 iliyotumika, piga cat /proc/cpuinfo uangalie mstari wa Revision, ikianza na a RAM ni 1GB, b ni 2GB, c ni 4GB, d ni 8GB, na adapta iwe ya 5V 3A maana chaja ya simu tu itakusumbua. Mimi nimeishia kuchukua desktop ndogo ya mtumba, zile za maofisini za Intel, nimelipa zaidi kidogo ila Debian (Linux ya kompyuta za kawaida) imeingia mara moja na Kolibri inatembea vizuri.

Jana usiku nimeona tangazo lile lile, picha ile ile ya kiboksi juu ya kitambaa cha kijani, namba ya simu nyingine. Sasa hivi anauza 110,000.