Hustler Fund kwa fundi cherehani: riba nzuri, muda mfupi

Nashona nguo za watoto hapa Kisumu na mkopo huu wa serikali ya Kenya, Hustler Fund, nauomba kwa simu kupitia *254#. Riba ni asilimia 8 kwa mwaka: ukichukua shilingi 1,000 kwa siku 14, ni kama shilingi 3 tu. Uchumi uliponywea mwaka 2020 mtaji ulitukauka, na nguo zetu zinashindana na mitumba, kwa hivyo serikali ilifanya la maana kutuletea mkopo huu. Lakini siku 14 zinamfaa muuza sukuma wiki. Mimi nanunua kitambaa, nakata, nashona, natia zipu na vifungo, kisha mwenye duka ananilipa mwisho wa mwezi. Tunaotengeneza bidhaa tupewe miezi mitatu. Ile asilimia 5 ya mkopo inayowekwa akiba, naipenda sana.