Storibodi kwa akili mnemba: ulipie kipi kwanza ukirekodi Dodoma

Storibodi ni michoro ya shoti za filamu, iliyopangwa kwa mfuatano kabla ya kurekodi. Agiza programu yoyote ya akili mnemba ya picha ikuchoree "kijiji cha Afrika" nayo itakuletea msonge wa nyasi, mgunga mmoja na jua jekundu linalozama. Ugogoni, yaani nchi ya Wagogo huku Dodoma, si hivyo. Nyumba ya huku ni tembe: nyumba ndefu ya pembe nne, paa lake bapa limetandazwa udongo juu ya miti, na mlango wake ni mfupi. Mwongozaji aliyepanga shoti kwa mchoro wa msonge atafika Bahi au Chamwino akute kamera haina pa kukaa, na saa nzima ya mwanga mzuri itaishia kwenye kubishana.

Kwa hiyo kabla ya kuangalia bei, uliza jambo moja: je, chombo hiki cha storibodi kinapokea picha niliyopiga mwenyewe na mchoro wangu wa mkono, kisha kikaviheshimu? Tumepanga vyombo vinne kwa kipimo hicho, kisha kwa gharama.

Nafasi ya kwanza: Storyboarder pamoja na Gemini au ChatGPT

Storyboarder ya Wonder Unit ni ya bure, inakubali Windows, Mac na Linux, na ukishaisakinisha haihitaji bando. Si chombo cha akili mnemba. Kazi yake ni kupanga fremu, yaani mchoro mmojammoja wa storibodi, kuandika mazungumzo na sekunde za kila shoti, kisha kutoa PDF. Picha utazitengeneza kwa Gemini au ChatGPT, ambazo ndizo programu za akili mnemba. Anza na kiwango cha bure, ambacho kina kikomo cha picha kwa siku. ChatGPT Plus ni dola 20 kwa mwezi, nayo ilipie mwezi ule wa maandalizi tu.

Nenda lokesheni na simu. Piga kila eneo kutoka pande nne, simu ikiwa kwenye urefu wa macho, na iwe saa ileile utakayorekodi. Hili la saa lina uzito. Programu hizi hupenda kumwaga mwanga laini wa dhahabu kila mahali, wakati Dodoma saa sita mchana jua liko karibu na utosi, ni jeupe, na linatia kivuli kwenye matundu ya macho. Vilevile mbuyu wa Agosti hauna majani. Storibodi ya kijani kibichi itamdanganya mtu wa mavazi na mtu wa taa kwa pamoja.

Pakia picha yako, kisha andika kwa Kiswahili. Zote mbili zinakielewa:

"Geuza picha hii iwe mchoro wa penseli, nyeusi na nyeupe, upana 16:9. Usibadilishe nyumba wala miamba. Ongeza mama wa miaka 50, kitenge kiunoni, amesimama mlangoni, anatazama kulia. Jua linatoka kushoto. Shoti ya mbali, mwili wote uonekane."

Ikikosea, rekebisha kitu kimoja kwa mara moja. Ukiorodhesha marekebisho manne, itachora upya kila kitu na mama atatoka na sura ya mtu mwingine. Baada ya marekebisho matano hivi mistari huanza kuchafuka, kwa kuwa kila picha inajengwa juu ya makosa ya iliyotangulia. Rudi kwenye picha ya simu uanze upya.

Kosa linaloumiza zaidi ni kushoto na kulia. Fremu ya 4 mama anatazama kulia. Fremu ya 5 mwanawe, anayezungumza naye, anatazama kulia pia. Mtazamaji ataona wote wawili wanamwangalia mtu wa tatu. Programu huchora kila fremu peke yake, haikumbuki mstari uliopo kati ya wahusika. Usiigeuze tu picha kama kwenye kioo, maana jua nalo litahamia upande wa pili. Agiza upya, na taja upande wa macho katika kila fremu.

Nafasi ya pili: Krita na kiongezi chake cha akili mnemba

Krita ni programu ya kuchora kwenye kompyuta, na ndiyo inayoheshimu mchoro wako kuliko zote. Unachora watu wa vijiti, yenyewe inajaza nyama ikifuata mistari yako. Krita na kiongezi cha AI Diffusion ni bure, na baada ya kupakua hufanya kazi bila intaneti. Gharama iko kwenye kompyuta: kadi ya michoro ya NVIDIA yenye kumbukumbu ya GB 6 au zaidi. Laptopu ya kawaida ya ofisini itachukua dakika kadhaa kwa picha moja, au itagoma. Mafaili yake yanapita GB 10, hivyo yapakue penye intaneti isiyopimwa. Kama kompyuta hiyo unayo tayari kwa ajili ya kuhariri video, basi kwako hii ndiyo namba moja.

Nafasi ya tatu: Midjourney

Hii ni programu ya mtandaoni ya kutengeneza picha kwa maelezo. Picha zake ni nzuri kuliko zote, na hapo ndipo mtego ulipo: zinafaa kumwonyesha mfadhili hali ya filamu, hazifai kumwambia mpiga kamera asimame wapi. Iandikie Kiingereza. Kifurushi cha Basic ni dola 10 kwa mwezi na kinatosha takriban majaribio 200. Filamu ya dakika 10 yenye shoti 90 huhitaji picha kamili kwenye shoti 35 hivi, zile za mazungumzo ya kawaida zinatosha kwa vijiti. 35 mara majaribio manne ni 140, unabaki na akiba. Ila jua kwamba kazi zako zinaonekana na watu wengine. Kuzificha kunaanzia kifurushi cha Pro, dola 60.

Nafasi ya nne: LTX Studio

Unabandika muswada mzima, inaugawa kuwa scene na shoti. Inavutia siku ya kwanza. Ila mgawanyo wa shoti ndiyo kazi yenyewe ya mwongozaji, na kila marekebisho yanakula salio la kifurushi. Iache hadi uwe na mteja wa tangazo anayelipia.

Kulipa, tumia kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, weka kiasi cha mwezi mmoja, na sitisha usajili siku hiyohiyo. Utaendelea kutumia hadi mwezi uishe. VAT inaweza kuongezwa juu ya bei.

Sura za waigizaji usizipakie bila kuwauliza. Kibali cha Bodi ya Filamu kiombwe mapema, kwa sababu hakuna storibodi inayokifidia.

Mwisho chapisha PDF, fremu 6 kwa karatasi ya A4. Shoti 90 ni kurasa 15. Kwenye jua la Dodoma kioo cha laptopu hakisomeki, na vumbi halidhuru karatasi.