Kware wa Gambel au wa Mearns: yupi umfuate na mbwa Arizona?

Ukienda na kiongozi wa uwindaji kusini mwa Arizona, kuna ndege wawili wa kuchagua. Kware wa Gambel, mwenye kishungi kilichopinda mbele ya paji, anakaa jangwani penyewe, na msimu wake hufunguliwa Oktoba. Tatizo ni miguu yake. Mbwa akimnusa ndege na kuganda kumwonyesha, mkia wima na pua imenyooka, ndege tayari anatimua mbio kati ya vichaka. Mbwa mchanga huchanganyikiwa. Halafu kuna miiba ya kaktasi aina ya cholla: beba kitana cha kuing'olea na koleo, na umkague mbwa hadi kwenye kucha.

Mearns ni mwingine kabisa. Anaishi kwenye vilima vya nyasi na mialoni karibu na mpaka wa Meksiko, msimu ukianza Desemba. Huchimba viazi vidogo vya mimea kwa kucha ndefu, na akihisi hatari hujibana chini hata ukakaribia kumkanyaga. Bila mbwa utampita. Mimi ningempeleka mbwa mchanga kwa Mearns kwanza, mradi mvua za majira ya joto zilinyesha vizuri.