Mto wa kiuno kwa dereva wa foleni: kipande kimoja kinafaa, kingine kibaki dukani

Anayeishi Kibaha na kufanya kazi Posta hushika usukani kwa kilomita zipatazo 40 asubuhi, na nyingine kama hizo jioni. Barabara ya Morogoro imepanuliwa kati ya Kibaha na Kimara, lakini foleni haikwisha. Ilisogea tu mbele, ikawa inamsubiri Ubungo na Magomeni. Madereva wa aina hiyo ndio wateja wa mito ya kuegemea mgongo iliyojaa siku hizi katika maduka ya vifaa vya magari ya Gerezani, Kariakoo. Niliyonunua mimi ni seti ya vipande viwili, mto wa kiuno na mto wa kukalia, kwa shilingi 45,000 baada ya kupatana bei, nami nimeitumia kwa miezi kadhaa ndani ya Toyota IST ambayo kiti chake hakina cha kurekebisha upande wa kiunoni.

Mto wa kiuno unastahili bei hiyo peke yake. Umejazwa sponji nzito inayobonyea taratibu na kurudi taratibu, na nyuma una mikanda miwili ya lastiki inayozungushwa kwenye kiti ili usiteleze. Kazi yake ni kuziba uwazi uliopo kati ya kiti na ule mbonyeo wa asili wa mgongo, juu kidogo ya mkanda wa suruali. Mtu akikaa muda mrefu bila kushikiliwa mahali hapo, nyonga hulala kwa nyuma, mgongo wa chini hujikunja, na uzito huzielemea diski zilizo kati ya pingili; ndiyo maana dereva hushuka garini amejishika kiuno ilhali hakubeba hata gunia. Ukifungwa juu mno, usawa wa mabega, mto huohuo hukisukuma kichwa mbele na maumivu yakahamia shingoni.

Muuzaji hakuniambia kwamba mto humsogeza dereva karibu na usukani, na jambo hilo si dogo. Kifua kinapaswa kuwa mbali na kitovu cha usukani kwa sentimita 25 au zaidi, kwa kuwa mfuko wa hewa (airbag) hufumuka kwa kishindo kinachoweza kumjeruhi aliyeukaribia mno. Kwa hiyo ukishaufunga mto, kirudishe kiti nyuma kidogo, kisha ukanyage breki mpaka mwisho na uhakikishe kwamba goti bado limekunjika kiasi. Kioo cha ndani nacho kirekebishwe ukiwa umekaa wima. Jioni kikianza kukuonyesha dari badala ya barabara, ujue umekwisha kuzama kitini.

Mto wa kukalia siusifu hata kidogo. Unamwinua dereva, unateleza gari linapofunga breki kwa ghafla, na kwa ulaini wake unauacha mkanda wa usalama ukipanda tumboni badala ya kukaa juu ya mifupa ya nyonga, mahali unapotakiwa kuwa. Wangu sasa unatumika ofisini.

Kasoro ya mto wa kiuno ni joto. Gari likishinda juani, sponji hulegea na jioni haishiki kama asubuhi, na foronya, ingawa ni ya wavu kwa mbele, hulowa jasho katika unyevu wa Dar es Salaam. Zipu yake ni imara, hivyo kuivua na kuifua si kazi.

Je, unatuliza akili? Kwa kiasi. Mgongo usipouma, bodaboda anayejipenyeza ubavuni hakuchomi moyo kama zamani, na unafika nyumbani ukiwa bado na maneno mema kwa watoto. Lakini mto hauondoi usingizi unaoletwa na hewa iliyozungushwa humohumo ndani: ni sawa kufunga hewa ya nje ukiwa nyuma ya lori linalotoa moshi, ila likishapita ifungue. Wala hausukumi damu miguuni. Hilo ni la dereva mwenyewe, ambaye foleni ikisimama kabisa anaweza kuweka gia huru, kuvuta breki ya mkono, na kuinua visigino na vidole kwa zamu. Na mwenye maumivu yanayoshuka mguuni au ganzi ya unyayo asiutegemee mto huu, aende hospitali.

Kwa anayetaka kununua, aombe auziwe kipande cha kiuno peke yake, na aliegeshe gari karibu na duka ili aujaribu akiwa ameketi kitini mwake kabla ya kulipa, maana mto uliomfaa mwenye kiti kirefu unaweza kuwa mnene mno kwa gari dogo. Maduka mengine hukataa kuigawa seti. Mawili kati ya niliyopita baadaye yalikubali bila ubishi.