Kadi za silabi au kitabu cha hadithi?

Kadi za silabi zina faida moja kubwa: hazichukui muda. Dakika chache zinatosha mtoto kuoanisha herufi na sauti, "ba, be, bi, bo, bu". Kwa Kiswahili, chenye irabu 5 tu na tahajia inayofuata matamshi, mazoezi hayo humfikisha mbali katika kutamka kilichoandikwa.

Lakini kutamka si kuelewa. Mtoto anaweza kusoma "unyevu" bila kosa na asijue maana yake. Hapo ndipo kitabu cha hadithi kinaposhinda, hasa mzazi asipokimbilia mwisho bali akasimama na kuuliza: "Unadhani kwa nini sungura amejificha?" Neno jipya linakuja na picha, tukio na hisia, tena vitabu hubeba maneno mengi yasiyosikika katika mazungumzo ya kila siku. Akidai hadithi ileile tena na tena, msomee tu! Marudio hayo ndiyo yanayokaza neno kichwani.

Kwa mtoto wa miaka 3, mimi ningeweka kadi kando kabisa. Akianza kuuliza "hapa pameandikwa nini?", zitoe kidogo kidogo, kabla ya hadithi.