Kabla hujalipia safari ya picha, uliza utalala wapi

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji kuhusu safari za kupiga picha za mandhari yanafanana mno. Mwalimu alikuwa anajua kazi, chakula kilikuwa kizuri, wenzao walikuwa watu wa maana, lakini picha waliyoifuata hawakuipata. Nikiwauliza walifika pale saa ngapi, wanasema jua lilikuwa limeshapanda kidogo. Nikiwauliza walilala wapi, basi nimeshaelewa kila kitu.

Kwa hiyo sitazungumzia umaarufu wa mwalimu, ukubwa wa kundi wala lenzi za kubeba. Hayo kila muuzaji anayaandika kwa herufi kubwa, na mnunuzi yeyote huyauliza bila kukumbushwa. Mimi nazipanga safari hizi kwa kipimo kimoja ambacho watu wanakipita tu: umbali kati ya kitanda chako na mahali utakaposimamisha stendi ya kamera.

Tuchukue Namibia, maana huko kosa hili linaonekana wazi kuliko kwingine. Karibu kila tangazo la safari ya huko lina picha ya Deadvlei, ile miti mikavu iliyosimama juu ya udongo mweupe, nyuma yake kuna mlima wa mchanga mwekundu. Picha ile ina muda wake. Jua likichomoza, mwanga hushika kwanza mgongo wa mchanga ulio nyuma, mchanga ukawaka rangi ya chungwa, huku chini kote kukiwa bado kivulini na miti ikionekana kama imechorwa kwa wino. Kisha mpaka wa kivuli huanza kutambaa kwenye udongo. Ukishafika kwenye mashina, sakafu yote inang'aa, rangi zinapauka, na hapo unaweza kufunga begi ukanywe chai.

Sasa angalia njia. Kutoka Sesriem, geti la kuingilia hifadhi, mpaka huko ni kama kilomita 65: 60 za lami, 5 za mwisho za mchanga mzito unaotaka gari la fowili, halafu unatembea kwa miguu kama kilomita moja. Waliolala ndani ya hifadhi, kwenye kambi ya Sesriem au Sossus Dune Lodge, huruhusiwa kutoka saa moja kabla ya jua kuchomoza. Waliolala nje hungoja geti la nje lifunguliwe jua linapochomoza, hata kama hoteli yao ina bwawa na mashuka ya hariri. Tangazo litakwambia hoteli iko dakika tano tu kutoka getini, na hawakudanganyi. Ni dakika tano kweli, ila upande usiokufaa.

Hicho ndicho kipimo changu. Ukikishika, orodha inajipanga yenyewe.

Namba moja naiweka warsha ya kukaa mahali pamoja, na hapa sifichi upendeleo wangu: Ansel Adams Gallery, duka la picha lenye jina la mpiga picha maarufu wa mandhari, katika hifadhi ya Yosemite, Marekani. Duka lao limo ndani ya bonde lenyewe tangu 1902, enzi lilipoitwa Best's Studio, na bado liko mikononi mwa familia. Adams mwenyewe alianza kuendesha warsha za kila mwaka hapo Yosemite mwaka 1955. Watu wanaofundisha kutoka humo ndani wanajua ukungu hukaa upande gani baada ya mvua, na mawingu yakianza kufunguka juu ya jabali la El Capitan, kutoka kijijini mpaka Tunnel View, pale pa kutazamia bonde zima, hata nusu saa ya gari haifiki. Ukikosa leo, kesho unarudi palepale. Mandhari hujifunzwa kwa kurudia, na hilo wanaokuhamisha hoteli kila usiku hawawezi kukupa. Sharti langu ni moja: chumba kiwe ndani ya bonde. Usije ukaniambia umepata chumba cha bei nzuri Oakhurst, kwa sababu kutoka huko ni kama saa moja na nusu barabarani, na utakapofika Tunnel View maegesho yameshajaa mabasi.

Namba mbili ni safari za kulala mlimani. Kwenye milima ya Dolomites, Italia, tafuta ratiba inayotaja jina la kibanda na kusema wazi kwamba mnalala humo. Rifugio Locatelli iko mita 2,405 juu ya usawa wa bahari, na vile vilele vitatu vya Tre Cime viko mbele yako ukifungua mlango. Utalala chumba kimoja na watu wanaokoroma, maji ya kuoga ni ya kuhesabu, na bado nakwambia lipa. Mlima Huangshan kule China ni hivyohivyo: juu kuna hoteli kadhaa, Beihai na Xihai zikiwa miongoni mwake, na bei zake zinauma. Lakini anayelala bondeni Tangkou anategemea gari la waya, na wakati wa kiangazi linapoanza kazi asubuhi jua limeshachomoza. Bahari ya mawingu ataisikia kwa waliolala juu.

Namibia ni namba tatu, kwa wale tu ambao ratiba yao inaandika malazi ya ndani ya geti. Wa nje siwapi hata namba.

Namba nne ni Aisilandi, na hapa kipimo changu kinahitaji akili kidogo. Katikati ya Desemba jua huchomoza karibu saa tano asubuhi, kwa hiyo mnaweza kuendesha gari gizani kwa masaa na bado mkawahi. Majira hayo umbali haunisumbui sana, kinachonisumbua ni barafu barabarani. Juni mambo yanageuka. Jua huzama karibu saa sita usiku na kuchomoza mnamo saa tisa, maana yake mwanga mzuri wote uko usiku wa manane. Sasa ratiba ikisema kifungua kinywa saa mbili, kuondoka saa tatu, hiyo ni ziara ya kawaida ya watalii iliyobandikwa neno picha ili bei ipande. Halafu kuna wanaokulaza Vík na kukuahidi ziwa la barafu la Jökulsárlón. Kati ya hapo ni kilomita 190 hivi, kwenda tu. Mpaka mfike, mkae, mrudi, mwalimu mwenyewe anasinzia. Wanaolala mahali paitwapo Hali, karibu na ziwa, au hata mjini Höfn wanajua wanachofanya.

Hifadhi ya Torres del Paine ya Chile ningeiweka juu zaidi kama wauzaji wangeacha mchezo wa Puerto Natales. Mji ni mzuri, hoteli ni nyingi na ni nafuu kuliko za hifadhini, na ndiyo sababu wanauza vyumba vya huko. Lakini kutoka mjini mpaka ziwa Pehoé si mwendo mfupi, na milima ile hupata wekundu wake kwa dakika chache tu alfajiri. Wanaolala kando ya ziwa huwasha jiko la kahawa huku wakichungulia dirishani kama mawingu yameachia.

Sasa niseme kinachonikera zaidi. Soma masharti ya malipo mpaka chini kabisa, utakuta maneno haya: "au hoteli nyingine ya hadhi sawa." Maneno sita hayo ndiyo yanayokula pesa za watu. Hadhi sawa maana yake nyota ni zilezile na kitanda ni kilekile. Kilomita hazimo. Wanauza kwa jina la hoteli iliyo ufukweni, wiki tatu kabla ya safari wanakuandikia kwa upole kwamba mtakaa kwingine pazuri vilevile, na pesa yako imeshaingia. Mwenye kununua kifurushi kinachouzwa ndani ya Umoja wa Ulaya ana pa kushika. Maelekezo ya mwaka 2015, yaliyoanza kutumika Julai 2018, yanamtaka muuzaji aeleze malazi yako wapi kabla hujafunga mkataba, na akibadilisha jambo kubwa la safari una haki ya kujitoa bila faini. Kwingine mtegemee mkataba, kwa hiyo taka jina la hoteli liandikwe, na umbali wake kutoka eneo la kupigia picha uandikwe kwa kilomita. Wakikataa kuandika, wameshakujibu.

Kero ya pili ni nyongeza ya mtu anayesafiri peke yake. Picha za mandhari ni kazi ya wapenda upweke, wateja wengi huja wenyewe, na bado wanatozwa kana kwamba wamevunja kitu. Hapo ongezea "bei inaanzia," ambayo haina ada za hifadhi wala chakula cha mchana, na "nafasi 2 zimebaki," ambazo zitakuwa zimebaki 2 mwezi ujao pia.

Ziara za bei ya chini za siku moja, zile za kuchukuliwa mjini asubuhi na kurudishwa jioni? Zinafika mchana. Kama unataka kujifunza kutumia filta, nenda, hazina ubaya. Na mwenye bajeti ndogo kuliko hapo achukue chumba karibu na mahali anapopataka, amlipe mwongozaji wa hapohapo kwa asubuhi moja.