CP-SAT kwenye rosta ya manesi: hupanga vizuri, ikikwama haielezi

OR-Tools, maktaba ya programu ya Google ya kutafuta mpangilio bora, ni ya bure, leseni yake ni Apache 2.0, na kwa kupanga zamu sehemu yenye maana ndani yake ni CP-SAT, kitatuzi kinachotafuta jibu linalotimiza masharti yote unayoyaandika. Huwekwa kwa amri moja, pip install ortools. Baada ya hapo intaneti haihitajiki, na kompyuta ya kawaida ya ofisini inatosha wodi moja. Skrini ya kubofya haina: masharti unaandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, jibu linarudi kama sifuri na moja.

Tuseme wodi ina manesi 20, rosta ni ya siku 28, zamu tatu kwa siku. Hivyo ni vigeu 1,680 vya ndiyo au hapana, kimoja kwa kila nesi, siku na zamu. Nesi asipate zaidi ya zamu moja kwa siku. Aliyetoka usiku asiingie asubuhi wala mchana wa kesho yake. Zamu za usiku zisizidi nne mfululizo: chukua kila siku tano zinazofuatana, jumla ya usiku iwe nne au pungufu. Hapo wengi hukosea kwa kuanza hesabu siku ya kwanza ya rosta mpya. Siku nne za mwisho za rosta iliyopita lazima ziingizwe zikiwa zimefungwa, yaani programu isiweze kuzibadilisha, la sivyo mtu atafanya usiku nane mfululizo na programu itaona sawa tu. Desimali nazo hazikubaliki. Zamu ya saa 6 na nusu iandike kwa dakika, 390.

Kabla ya kuiwasha, shika kikokotoo. Asubuhi watu 5, mchana 4, usiku 3, hiyo ni zamu 12 kwa siku na 336 kwa rosta nzima. Kila nesi akifanya zamu 20, uwezo ni 400. Watatu wakiwa kwenye likizo ya siku 28, zinabaki 340, yaani ziada ya zamu nne tu. Wa nne akienda likizo ya uzazi, umebaki na 320.

Ukiilazimisha hapo, CP-SAT hujibu INFEASIBLE, yaani hakuna rosta inayotimiza masharti yote, na kunyamaza. Huo ndio udhaifu wake mkubwa. Unaweza kuyawekea masharti alama ili ikutajie kundi linalogongana, lakini kundi hilo si lazima liwe fupi. Dawa bora ni kulegeza idadi ya watu kwa zamu: ongeza kigeu cha upungufu, kila nesi anayekosekana atozwe adhabu ya 100, na ombi la ofu lililokataliwa litozwe 1, kisha CP-SAT itafute jumla ndogo kabisa ya adhabu. Utapata rosta yenye mapengo yanayoonekana kwa tarehe, na inchaji atajua lini aombe mtu wa kuazima wodi nyingine.

Nesi akiugua katikati ya mwezi, usiipange upya ovyo, maana itabadilisha ratiba za watu ambao hawakuguswa kabisa. Funga siku zilizopita, kisha toza adhabu kila zamu inayotofautiana na rosta iliyokwisha kubandikwa. AddHint, amri ya kuipa CP-SAT rosta ya zamani kama mfano, haitoshi kwa kazi hii. Ni kidokezo cha pa kuanzia tu, haizuii mabadiliko.

Weka pia max_time_in_seconds, kikomo cha muda wa kutafuta. Manesi wenye sifa zilezile wanaweza kubadilishana nafasi bila rosta kuwa bora wala mbaya zaidi, kwa hiyo uthibitisho wa OPTIMAL, kwamba hakuna rosta bora zaidi, huchelewa. FEASIBLE, yaani rosta inayotimiza masharti ila haijathibitishwa kuwa bora kabisa, inatosha kubandikwa ikiwa kumbukumbu ya utafutaji inaonyesha tofauti ndogo kati ya adhabu yake na kiwango cha chini kinachowezekana.

Mpinzani wake ni Timefold, programu nyingine ya kupanga ratiba, iliyochipuka kutoka ya zamani iitwayo OptaPlanner mwaka 2023. Haithibitishi kwamba jibu ndilo bora kuliko yote, lakini huonyesha pointi za adhabu zilizopotea kwa kila sharti. Hospitali inayobadilisha zamu kila siku na yenye mtu anayeandika programu kwa lugha ya Java ichukue hiyo. Kwa rosta ya mwezi na mtu mmoja wa Python, CP-SAT. Kama hakuna anayeandika programu, Excel bado ni salama kuliko msimbo usio na wa kuurekebisha.